Mwendo wa Wimbo

Mama Faridah hakupenda kuitwa fundi. Fundi, alisema, ni mtu anayeshika chombo, na yeye hakushika kitu ila ungo wake wa mchele. Lakini katika mtaa ule wa Kasongo, mashariki mwa Kongo, mtu akipata wimbo wa mapenzi asioujua maana, alielekezwa kwake moja kwa moja: nyumba ya matofali yenye bati la kutu, nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga. Ungemkuta ameketi kwenye kibao chake, anapembua mchele wa kuuza, na asingeinua macho mpaka umalize kumsalimia vizuri. Ukikatiza salamu, alikurudisha mlangoni uanze upya. Wapo watu wazima, wenye wake na watoto, waliorudishwa mlangoni namna hiyo, na wakarudi.

Kazi yenyewe waliiita kufungua wimbo. Mume amekwenda kulima au kuchuuza mbali, Kabambare, Wamaza, au huko mto unakoshukia, na siku moja anamtumia mkewe wimbo. Zamani aliimba mbele ya msafiri mwenye kichwa kizuri, na msafiri akaubeba kichwani mpaka nyumbani. Siku hizi anaimba kwenye simu ya dereva wa pikipiki. Kwa watu wale, mambo mazito ya ndoa hayasemwi kwa mdomo mtupu. Neno "ninakupenda" limeachiwa vijana wa shule, nao hulisema kwa Kifaransa ili lisiwe zito sana. Mtu mzima anaimba, na aliyeimbiwa anatafuta wa kumfungulia.

Sasa, nyimbo hizo zina mwendo. Mama Faridah alifundishwa hivyo na bibi yake, Bibi Nuru, mzaliwa wa Nyangwe. Mwimbaji hamtaji mpenzi wake kwa jina. Anataja vitu vya nyumbani, kimoja baada ya kingine: kitanda, mafiga, mlango, uwanja, chemchemi, njia. Akianzia njiani akaishia kitandani, anarudi. Akianzia kitandani akaishia njiani, anaaga. Maneno yanaweza kuwa matamu mpaka yakutoe machozi, lakini Bibi Nuru alisema usiyasikilize kwanza, angalia miguu ya wimbo inaelekea wapi. Anayeaga ndiye mwenye maneno matamu zaidi, alisema, kwa sababu hana kitu kingine cha kukuachia.

Faridah alishika mafundisho hayo akiwa msichana, na kufika miaka thelathini hakuna mwanamke pale mtaani aliyemkaribia. Alifungua bila huruma. Kama wimbo unaaga, alisema unaaga, akamshika mwenye wimbo mkono mpaka alie na kumaliza. Watu walimwogopa, na ndiyo maana walimwamini.

Halafu ikaja zamu yake.

Mumewe, Hamadi, aliondoka mwaka 2001, mwezi wa nne, vita ikiwa imeua barabara zote. Alikuwa asukume magunia ya mpunga kwa baiskeli mpaka Nyangwe, kisha ashuke mto kwa mtumbwi. Asubuhi ile alisimama mlangoni, mvua imemlowesha bega moja, akamwimbia mkewe. Sauti yake ilikuwa nzuri, hilo hakuna aliyebisha. Alianza na mto wa kitanda. Akapita kwenye mafiga, akapita mlangoni, uwanjani, kwenye chemchemi. Alimalizia na maji ya mto yanayokwenda. Kisha akashika baiskeli.

Faridah aliusikia mwendo ule vizuri kabisa. Hakuhitaji mtu wa kumfungulia.

Kesho yake wanawake walikuja, na mbele yao mwenzake wa siku zote, Djamila, ambaye mumewe naye alikuwa njiani. Walitaka kujua Hamadi ameimba nini. Faridah aliwaimbia wote mpaka mwisho. Djamila alikunja uso, akasema: "Lakini inatoka inje, Faridah. Inaanzia kitandani." Na Faridah, ambaye kila mtu alijua hapindishi, alijibu kwa sauti ya kawaida, mikono yake ikiwa kwenye mchele: "Mwendo ni mambo ya wazee wa zamani. Wimbo ni maneno. Sikiliza maneno, utasikia anarudi."

Bibi Nuru alikuwa amekwisha kufa. Nani angebishana naye? Wanawake walikubali, na walikubali kwa furaha, maana kila mmoja alikuwa na wimbo nyumbani ambao sasa ungeweza kumaanisha jambo zuri zaidi.

Tangu siku ile, kwa miaka ishirini na minne, Mama Faridah alifungua nyimbo kwa maneno peke yake. Hamadi hakurudi, lakini mtaa ulisema ni vita iliyomzuia, si moyo. Sifa zake Mama Faridah zilizidi. Watu walitoka kwake wakicheka. Kwenye ndoa alikalishwa mbele, akaombwa aimbe wimbo wa Hamadi, naye aliuimba, na vijana wakausikiliza kutoka nje ya ukuta kama mfano wa mwanamume anayependa. Kuna wanawake waliofunguliwa wakaambiwa wangoje, wakangoja. Djamila mwenyewe alingoja miaka sita, na mumewe hakurudi. Mama Faridah alijua hesabu hiyo ipo mahali fulani, na hakuigusa.

Upande wa pili wa uwanja wake alipangisha chumba kwa msichana mmoja aitwaye Mado, mtoto wa wakulima Wakristo wa pembeni mwa mji, fundi wa kushona. Mado alikuwa ameolewa na Pitchou, kijana wa mtaa uleule. Walikaa pamoja miezi saba tu, Pitchou akaenda Wamaza kulima karanga na kuchuuza. Mwanzoni alituma sabuni, akatuma kitambaa, akatuma salamu kila wiki. Kisha miezi mitano ya kimya. Namba yake ya simu haikupatikana tena. Mado alishona mchana kutwa, na wateja wakasema mishono yake imekuwa midogo sana, kama mtu anayebana meno.

Jumanne moja ya kiangazi cherehani ilinyamaza mapema, na Mado akavuka uwanja na simu mkononi.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Masini imenyamaza leo?"

"Imenyamaza. Niko na wimbo. Pitchou alimuimbia Nathanaël kwa telefone."

Nathanaël alikuwa dereva wa pikipiki aliyekwenda Wamaza na kurudi kila mara njia ilipomruhusu. Mama Faridah aliweka ungo chini. Mado akabonyeza, na kwanza wakasikia upepo, na jogoo wa watu, kisha sauti ya Pitchou, ya chini, bila ngoma:

*Mto wa kitanda, bado una harufu ya nywele zake?*
*Mafiga matatu, nani anapuliza moto wenu?*
*Mlango wa mbao, akipita unalia bado?*
*Uwanja, mchanga wako uko ndani ya viatu vyangu.*
*Chemchemi, utamu wako haujatoka kinywani mwangu.*
*Njia, wewe ndiwe ninalala nawe.*

Ulikuwa wimbo mzuri. Mama Faridah aliomba urudiwe, ukarudiwa. Akaomba mara ya tatu.

"Miye mwenyewe nimekwisha kusikia," alisema Mado. Macho yake yalikuwa yaking'aa, na hilo lilimuumiza Mama Faridah kuliko wimbo. "Ananitaka bado. Nathanaël anarudi Wamaza siku ya Ijumaa, nimemwambia atafunga masini nyuma ya moto, ile pikipiki yake, na miye nitapanda. Lakini mama yangu anakataa. Anasema mwanamuke hafuati mwanaume mwenye kunyamaza miezi tano. Nataka wewe useme tu, mama. Ukisema wewe, atanyamaza."

"Pitchou alijifunzia wapi kuimba hivi?"

"Kwako," alisema Mado, akishangaa kuulizwa. "Kwa ndoa za watu. Alikuwa anasimama inje ya ukuta. Hauoni? Inatembea sawasawa na ile ya Ba Hamadi. Kitanda mbele, njia nyuma. Na ile ya Ba Hamadi wewe mwenyewe ulisema ni ya kurudi."

Mama Faridah alichukua ungo wake. Alisema atajibu kesho. Katika maisha yake yote ya kufungua nyimbo hakuwahi kuomba siku ya kufikiri, na Mado alirudi chumbani kwake akiwa na wasiwasi kidogo, ingawa hakujua wa nini.

Alasiri yote ile Mama Faridah alipembua mchele, na alipotazama chini aliona amewatupia kuku mchele mzuri na kubakiza mawe kwenye ungo. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya Pitchou. Angeweza kusema "nenda". Msichana angefurahi, wimbo wa Hamadi ungebaki kama ulivyo, na yeye angebaki mke anayeheshimiwa na mtaa mzima. Angeweza kusema "anaaga", akapata sababu nyingine ya uongo. Lakini akimruhusu, Mado angefika Wamaza na cherehani mgongoni mwa pikipiki, siku nzima ya matope makavu na madaraja ya magogo, asimame kwenye mlango wa mtu. Mlango wa mtu anayemngoja, au wa mtu aliyekwisha kumwaga? Hapo ndipo Mama Faridah alipoona ubaya wote wa alichokifanya.

Asubuhi alivuka uwanja yeye mwenyewe. Mado alikuwa amekwisha kuifunga cherehani kwa kitenge cha zamani na kamba ya mpira.

"Keti, mwanangu. Wimbo wa bwana yako siwezi kuufungua."

"Sababu gani, mama?"

"Sababu niliuharibu mimi."

Akamweleza. Alimweleza Bibi Nuru na miguu ya wimbo, kuingia na kutoka. Alimweleza mlango, mvua, baiskeli. Hakupamba wala kujionea huruma. Alisema kama mtu anayehesabu mikungu ya ndizi mbele ya mwenye shamba. Mado alisikiliza huku mkono wake ukiwa juu ya cherehani iliyofungwa.

"Basi Pitchou ameniaga," alisema.

"Sijui."

"Iko inatoka inje, mama. Umesema mwenyewe."

"Kama angefundishwa na muzee, ningesema amekuaga, na ningekushika mukono. Lakini alifundishwa na miye. Miye njo nilimufundisha ya kuwa mutu mwenye kupenda anaanzia kitandani. Labda anaaga. Labda anakuita sawa vile alinisikia. Wimbo ni moja, mwanangu, na sina tena namna ya kujua. Nilivunja mizani, sasa unaniletea kitu nipime."

Nje mashine ya mpunga ilianza kuunguruma.

"Wangapi, mama? Wenye uliwafungulia hivi?"

"Wengi."

"Na Ba Hamadi?"

"Aliniaga. Nilisikia palepale mlangoni."

Hakuwa amewahi kuyasema maneno hayo, hata peke yake, na yalipotoka aliona ni mafupi mno kwa miaka yote ile. Mado alisimama. Uso wake ulikuwa umekauka kwa hasira, hasira ya haki kabisa, na hakuna wa kumlaumu.

"Mama, niache kidogo," alisema. Msichana wa pale hamfukuzi mtu mzima chumbani. Lakini Mama Faridah aliinuka akatoka, bila kumkumbusha salamu wala heshima.

Mado alikuja Alhamisi jioni, jua bado liko juu ya bati. Hakusema hodi, na hakurudishwa mlangoni.

"Nifanye nini sasa?"

"Muulize."

"Kumuuliza? Kwa mudomo?"

"Kwa mudomo. Kama mutu anauliza njia. Nathanaël amwambie: bibi yako anauliza, unataka akuye kwako Wamaza, ao hapana?"

Mado alijifunika uso kwa viganja. Mwanamke kumtumia mumewe swali la namna ile, wazi, lisilo na hata mstari mmoja wa kulifunika, ilikuwa aibu ambayo mama yake angeisikia kwa wiki nzima sokoni. Kisha akasema ndiyo.

Ijumaa asubuhi Nathanaël, ambaye alikwisha kubeba nyimbo zaidi ya ishirini kwenye simu yake, alikuna kichwa chini ya kofia. "Niyapeleke maneno haya hivihivi? Hakuna wimbo?"

"Hivihivi," alisema Mado. Cherehani ilibaki ndani, imefungwa vilevile.

Siku tisa zilipita. Katika siku hizo Mama Faridah alizunguka nyumba za wanawake, moja baada ya nyingine, akawaambia ukweli juu ya mwendo na juu ya Hamadi. Wengine walisema ni mambo ya zamani. Wengine walisema walikuwa wakishuku siku nyingi, na hao ndio waliomchoma zaidi, kwa sababu walimvumilia. Djamila alimsikiliza amesimama, mlango nusu wazi. Alipomaliza, Djamila alisema miaka sita ni mingi, akafunga mlango polepole, na tangu siku hiyo hamsalimii. Mama Faridah alikubali kwamba hiyo ni haki yake.

Nathanaël alirudi Jumapili, Mado akiwa ametoka kanisani na nguo zake nzuri. Aliegemeza pikipiki ukutani, amepauka vumbi mpaka kope. Alipewa maji, akanywa, akaomba mengine, na walielewa kwamba anachelewesha.

"Nilimukuta," alisema hatimaye. "Iko muzima, hana ugonjwa. Nilimuambia sawa vile mulinituma. Alikuwa anafunga gunia. Akafunga kamba, akafungua, akafunga tena. Halafu akasema: 'Wimbo nilituma. Mama Faridah ataufungua.'"

"Njo hiyo tu?"

"Njo hiyo."

"Hakusema nikuye?"

"Hapana."

"Hakusema nisikuye?"

"Hapana. Nilingoja. Nilipanda moto, nikangoja tena. Akaniambia safari njema."

Mado alimgeukia Mama Faridah. Hapakuwa na hasira tena usoni mwake, wala kung'aa kule kwa Jumanne. Alikuwa anamtazama kama wote waliowahi kuja pale, na Mama Faridah alielewa kwamba, pamoja na yote aliyoyasikia, msichana huyu bado angeamini neno lolote atakaloambiwa sasa. Ilikuwa rahisi kusema "labda". Labda ni mwoga. Labda ana haya mbele ya dereva. Neno moja dogo, na Mado angengoja.

"Mutu mwenye anakutaka," alisema, "ukimuuliza kama ukuye, anasema kuya. Hatafuti mutu mwingine wa kusema kwa nafasi yake. Amekuacha, mwanangu. Na hana moyo wa kulibeba neno hilo yeye mwenyewe, anataka tulibebe sisi."

Mado alilia palepale uwanjani, mbele ya dereva, na nguo zake za kanisani. Alilia kwa sauti, bila kujificha, na Mama Faridah alimshika mkono kama alivyowashika wengine enzi zile kabla hajaanza kuwadanganya. Nathanaël alisukuma pikipiki yake taratibu mpaka barabarani ndipo akaiwasha.

Machozi yalipokwisha, Mado aliingia chumbani akafungua kamba ya mpira, akaondoa kitenge, akaifuta cherehani vumbi. Kulikuwa na sare za watoto za kumaliza. Mama Faridah alikuwa amesimama mlangoni, hajui kama aingie au aende zake.

"Mama," alisema Mado, akitia uzi kwenye sindano. "Asubuhi ile ya Ba Hamadi. Ulimuuliza kama atarudi?"

"Hapana."

"Kwa nini haukuuliza?"

Mama Faridah aliutazama uzi ukipita.

"Hamadi alikuwa mutu wa kweli," alisema. "Angenijibu."